Mbwa Abwekaye wa Norway na Mbwa Anyamazaye wa Kongo

Tangu Norway ilipoanza kuwapokea wakimbizi wa Kongo ya Mashariki na kuwapa makazi katika miji na vijiji vyake, picha nyingi zimekuwa zikirejea huku kwetu kwa njia ya simu, na miongoni mwazo, pamoja na za theluji na za watoto waliovikwa makoti mazito, haikosi kutokea picha ya mbwa wa rangi ya kijivu, masikio yamesimama wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, kifua kipana, macho ya kahawia yakimtazama mpiga picha bila hofu wala unyenyekevu. Huyo ni Norsk Elghund, mbwa wa kuwindia wa nchi hiyo. Wenyeji wa Niemba, kituo cha reli kilicho baina ya Kalemie na Kabalo katika jimbo la Tanganyika, ambao wengi wao wamekulia katika nyua zenye mbwa wa mawindo, humtazama kwa jicho la mjuzi, na swali waulizalo ni swali la haki kabisa: je, mnyama huyu ambaye nasaba yake yote ni ya uwindaji anafaa kuwa sahibu wa nyumbani, na lau angeletwa katika bonde la Lukuga angeweza kuishi nasi kwa raha?

Rai yangu ni kwamba khulka ya mbwa haifahamiki kwa kuitazama sura yake, wala kwa kusikiliza sifa apewazo na wauzaji, bali kwa kuuliza mababu zake walifanya kazi gani, katika nchi gani, na walikuwa wakimsikiliza mtu kwa kiasi gani walipokuwa kazini. Mwenye kuyajua hayo matatu aweza kukisia tabia ya mbwa ambaye hajapata kumwona.

Kazi ya elghund ni kumtafuta elki, mnyama wa jamii ya kulungu aishiye katika misitu ya baridi ya Kaskazini, ambaye dume lake huweza kufikia kilo 500, na ambaye teke lake moja latosha kumvunja mbwa mbavu. Mbwa mwenyewe ni wa kimo cha wastani tu, dume sentimita 52 hivi begani na uzito wa kilo 23, jike sentimita 49 na kilo 20, na kwa hiyo haimkiniki kabisa kwake kumwangusha mnyama huyo kwa meno. Hufanya jambo jingine lililo la akili zaidi. Huachiliwa huru msituni, naye hutangulia mbele ya bwana wake mwendo mrefu, pengine kilomita kadhaa, akiinusa hewa. Ampatapo elki humkabili usoni, humzungukazunguka, humrukia na kurudi nyuma, na muda wote huo hubweka kwa sauti kali isiyokatika, hata elki akasimama imara kumwelekea yeye na kuyasahau yaliyo nyuma. Elki akiondoka mbio, mbwa humfuata kimya, kwa kuwa kelele zingemzidishia mnyama hofu. Akisimama tena, kubweka huanza upya. Mwindaji, ambaye muda wote huo yuko mbali na haoni kitu ila miti, husikiliza, hupima upande itokako sauti, kisha hunyemelea kwa kuukabili upepo mpaka aufikie umbali wa bunduki. Wako pia wawindaji wanaomfunga mbwa kamba ndefu wakaongozwa na pua yake kimyakimya hadi karibu na mnyama, lakini hao nao hutegemea ushupavu uleule.

Mtu akiifahamu kazi hii hana haja ya kuambiwa mengi tena. Mbwa aliyezaliwa katika ukoo wa kubweka saa nzima mbele ya pembe za elki hatanyamaza kwa kuwa jirani amelala. Atambwekea mgeni, atabwekea mlango, atabwekea upepo ukitikisa bati, na kila abwekapo ndani ya nafsi yake anaona ametimiza wajibu. Mbwa ambaye vizazi vyake viliamua peke yao msituni, bila kungoja amri ya mtu aliyeko kilomita mbili nyuma, hawezi kuwa mtiifu wa papo kwa papo. Humsikia bwana wake vizuri, huifikiri amri, kisha hutii ikiwa ameona maana yake, na wanaomwita mkaidi kwa sababu hiyo wanamkosea insafu. Ni jasiri, ana heshima ya nafsi, humpenda sana mtu wa nyumbani kwake na huwavumilia watoto aliokua pamoja nao. Mgeni humpima kwanza kabla ya kumkaribisha. Na mbwa mwenzake, hususan wa jinsia moja naye, aghalabu hamstahamili. Ni mlafi, na asipotembezwa kwa bidii kila siku hunenepa upesi mpaka ikawa maradhi. Mbuzi na kuku, mbele ya macho yake, si mali ya mtu bali ni mawindo. Tena manyoya yake, ambayo mara mbili kwa mwaka hupukutika kwa wingi, hujaza sakafu, mikeka na hata sufuria.

Wanorway wenyewe, pamoja na mapenzi waliyo nayo kwa mbwa huyu, hawaiachi silika yake ihukumu mambo. Sheria yao ya mbwa ya mwaka 2003 imeamuru kwamba tangu tarehe 1 Aprili hadi tarehe 20 Agosti mbwa wote wafungwe kamba au wazuiliwe ndani ya ua, kwa kuwa huo ndio wakati wanyama na ndege wa porini wanapozaa na kulea. Jirani zao Wafini wamekwenda mbali zaidi katika kuitukuza sauti: wana mbwa mwekundu mdogo, aliyetangazwa mbwa wa taifa lao mwaka 1979, ambaye kazi yake ni kumfuata ndege mkubwa wa msituni mpaka atue juu ya mti, kisha kumbwekea kutoka chini ili ndege amtazame yeye tu, na huandaliwa mashindano ya kumtawaza aliye hodari kupita wote katika kubweka. Nchi ambayo mbwa hupewa taji kwa kubweka haiwezi kumlea mbwa mnyamavu.

Kwa hiyo, kwa mtu akaaye Norway, mwenye ua, mwenye wasaa wa kutembea kila siku katika mvua na barafu, na asiyebanana na jirani ukuta kwa ukuta, elghund ni sahibu mwema sana. Kwa mhamiaji akaaye katika ghorofa ya tano mjini Oslo, atokaye alfajiri kwenda kazini na kurejea usiku, ni mtihani mzito kwake na kwa mnyama pia. Na kwa mtu wa Niemba nasema wazi kwamba kumleta huku ni kumdhulumu. Mwili wake umevikwa manyoya ya tabaka mbili, ya juu magumu yasiyopenyeza maji na ya chini laini na mazito ya kuhifadhi joto, naye, kama mbwa wote, hatoi jasho mwilini ila kidogo katika nyayo; njia yake ya kujipoza ni kuhema tu. Katika mwezi wa Septemba, nyika inapokuwa imeungua na ardhi inatoa mvuke, angehema mchana kutwa na usiku asipate nafuu, wala kumnyoa si dawa, kwani manyoya hayo hayo ndiyo yanayomkinga ngozi na jua. Juu ya joto kuna mbung'o. Inzi huyu huchukua vijidudu vya nagana, na mbwa ajnabi ambaye ukoo wake haukupata kupambana navyo huingiwa na homa, hukonda, pengine macho yake hufanya ukungu wa samawati, na asipotibiwa mapema hufa.

Ila swali la watu wa Niemba lina upande wa pili ambao wao wenyewe hawakuuuliza, nao ndio unaonishughulisha zaidi. Shirikisho la kimataifa la wafuga mbwa, Fédération Cynologique Internationale, lililoundwa mwaka 1911 na ambalo makao yake yako Thuin nchini Ubelgiji, limewagawa mbwa wote wa ulimwengu katika makundi kumi. Na katika kundi la tano, ambamo wamo elghund na mbwa mwekundu wa Wafini, yumo pia mbwa wa Kongo, Basenji. Wamewekwa pamoja kwa ajili ya kichwa chenye umbo la kabari, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja, na ile hali ya ukale ambayo haikutiwa mkono mno na wafugaji wa karne za karibuni. Anayewatazama katika picha aweza kudhani ni ndugu waliotenganishwa na hali ya hewa. Kazi zao, hata hivyo, zimekuwa kinyume kabisa.

Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Georg Schweinfurth, alipofika kwa Wazande mwaka 1870, aliwaona mbwa wadogo wenye manyoya mafupi laini, masikio makubwa yaliyosimama na mikia iliyojikunja, nao wamefungwa kengele za mti shingoni wasije wakapotea katika majani marefu. Kengele hiyo ndiyo ufunguo wa tabia yao. Hutengenezwa kwa kipande cha mti kilichochongwa uwazi ndani, kikatiwa ndimi za mti au za mfupa, kikatungwa ukanda wa ngozi. Na wawindaji waangalifu, mbwa wanapokuwa bado njiani, huuziba uwazi huo kwa majani makavu ili ndimi zisigonge. Nyavu za kunasia mawindo zikiisha kutandazwa, mwenye mbwa huinama akayachomoa majani yale kwa kidole, na papo hapo mnyama aliyekuwa akitembea kwa ulegevu hubadilika: shingo huinuka, masikio huelekea mbele, mikunjo ya paji la uso huzidi, naye hutoweka kichakani huku mlio mkavu wa mti ukieleza aliko. Mbwa wa Norway ana sauti, hivyo mwindaji humfuata kwa sauti yake. Mbwa wa Kongo hana desturi ya kubweka, hivyo mwindaji amempa sauti ya mti. Wa kwanza kazi yake ni kumsimamisha mnyama, wa pili ni kumfukuza mnyama kuelekea kwa watu, naye hufanya kazi karibu nao, pamoja na wenzake, wanawake na watoto wakipiga kelele upande wa pili wa nyavu.

Basenji si bubu, ingawa wengi wamemsingizia hivyo. Hutoa mlio wa kuviringika, nusu wimbo nusu kilio, anapomlaki ampendaye. Hunguruma, hulia kwa uchungu akiachwa peke yake, na pengine hubweka mara moja akanyamaza. Asichokuwa nacho ni ule mfululizo wa kubweka. Kimo cha dume ni sentimita 43 na uzito wake kilo 11 hivi. Jike huwa na sentimita 40 na kilo 9 na nusu, na huingia joto mara moja tu kwa mwaka, wakati ambapo mbwa wengi wa Ulaya huingia mara mbili.

Safari yake ya kwenda ughaibuni ilikuwa ya msiba mrefu. Jozi iliyoonyeshwa London katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895 ilikufa upesi kwa distempa, maradhi ambayo mbwa wa Ulaya walikwisha kuyazoea kwa kiasi fulani na wa Afrika hawakuyajua. Mwaka 1923 bibi mmoja wa Kiingereza, Lady Helen Nutting, aliwaleta sita kutoka Sudan. Walivumilia safari na karantini, kisha wakachanjwa chanjo ya distempa iliyokuwa bado katika majaribio, wakafa wote. Ni Bi Olivia Burn ndiye aliyefaulu, akawaonyesha Crufts mwaka 1937 mbwa alioleta kutoka Kongo, na umati ukajaa kuwatazama. Kutoka hapo ukoo ukashika mizizi: Marekani ikawatambua rasmi mwaka 1943, Bi Veronica Tudor-Williams akaenda Sudan ya Kusini mwaka 1959 kutafuta damu mpya akarudi na jike aliyeitwa Fula, na mwaka 1956 Basenji alikuwa amekwisha kuonekana katika sinema ya Kimarekani, Good-bye, My Lady. Maradhi hayo ya distempa, nisipite bila kulitaja hili, yaliwatesa hata Wanorway: mbwa wao wa kisiwa cha Værøy, Lundehund, mwenye vidole sita katika kila mguu, ambaye aliwinda ndege katika mianya ya majabali, alikaribia kutoweka kabisa kwa distempa wakati wa vita kuu ya pili na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wote walioko leo wametokana na wachache mno waliosalia.

Kwa kuwa mbwa waliotoka Kongo walikuwa wachache, damu yao ughaibuni ilirudiwa-rudiwa hata maradhi ya figo yaitwayo Fanconi yakaenea miongoni mwao, na ndiyo maana mnamo 1987 na 1988 Wamarekani walikuja Zaire, pande za Isiro, wakachukua mbwa wapya kutoka vijijini. Chama chao cha mbwa kikaufungua upya mlango wa daftari la nasaba mwaka 1990 ili wapokelewe, wakiwamo wenye milia ya chui-milia. Yafaa tuizingatie habari hii kwa makini. Watu wa bara la mbali, wenye madaktari na mali, waliona kwamba mbwa wa kijijini Kongo ana kitu ambacho fedha zao haziwezi kukitengeneza, wakavuka bahari kukiomba, ilhali kijana wa Niemba hutazama picha ya mbwa wa Norway akidhani huyo aliyelala chini ya ghala la mahindi la baba yake si kitu.

Sisemi kwamba kila mbwa wa Niemba ni Basenji. Jina hilo ni la mbwa wa daftari, na makazi ya mababu zake ni misitu ya kaskazini. Ninachosema ni kwamba uchunguzi wa nasaba uliotolewa mwaka 2009, ambao ulilinganisha damu za mbwa wa vijijini Uganda, Misri na Namibia, ulidhihirisha kwamba Basenji amefungamana na mbwa wa vijijini wa Afrika, tofauti na baadhi ya mbwa waliokuwa wakisifiwa kuwa na asili ya Afrika wasiwe nayo. Na mbwa wa nyika za Tanganyika, kwa mwili na kwa mwenendo, ana mengi ya kumfanana. Nimemtazama jike mmoja wa kahawia akifuatana na vijana waliokwenda kutafuta simbilisi kandokando ya mto Niemba, baada ya majani kuchomwa. Hakutoa sauti. Alitangulia kwa hatua chache, akasimama, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, masikio yote mawili yakalenga kisiki kilichozungukwa na matete ambayo moto uliyaacha. Vijana hawakumwambia neno, waligawanyika tu wawili kushoto, wawili kulia, wakiyafuata masikio yake. Jioni, nyumbani, jike huyo huyo alikaa mbali kidogo na moto akijilamba miguu mmoja baada ya mwingine mpaka jivu lote likatoka, na nilipomnyoshea mkono alinusa, akafikiri, akaondoka zake kwa adabu, akaenda kulala mgongo umeegemea mguu wa mama wa nyumba.

Hiyo ndiyo tabia ya Basenji kama wanavyoieleza waliokaa naye: msafi, asiye na harufu kali, mdadisi, mchukia mvua, mwenye kujiweka mbali na wageni na kujiambatisha na mtu mmoja au wawili wa aila, hodari wa kupanda ua na kuiba chakula, akifungiwa peke yake kutwa nzima hutafuna kila alichokiona, na akimwona mnyama akimbiaye haitiki aitwapo. Elghund naye haitiki, lakini kwa mtu wa Niemba mnyama mdogo, mwenye manyoya mafupi, mla kidogo, aliyezoea kufanya kazi katikati ya watu na kulala katikati yao, ndiye aliyeumbiwa maisha ya ua wa pamoja. Manyoya yake hayamwunguzi, kimya chake hakimsumbui jirani, na silika yake ya kukaa karibu humfanya awe mlinzi mwema bila kuwa adui wa wapita njia.

Najua kwamba miongoni mwa Waislamu wa Kalemie na wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, habari ya mbwa huleta wasiwasi, na wasiwasi huo una msingi: katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wetu wa pwani na wa bara, mate ya mbwa ni najisi kubwa, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Walakini Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, imehalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa likitajiwa jina la Mungu, na katika Sura ya Al-Kahf vijana wa pangoni wametajwa pamoja na mbwa wao aliyenyosha miguu yake kizingitini. Mwenye kumweka mbwa nje ya nyumba kwa kulinda au kuwinda, akamlisha na kumnywesha, hajaivunja dini yake; anayempiga mawe mbwa wa njiani kwa kisingizio cha najisi ndiye anayepaswa kuulizwa ameitoa wapi ruhusa hiyo.

Basi atakaye sahibu na amtafute papo hapo kijijini. Amchague mtoto wa mbwa aliyefikisha majuma manane, ambaye mama yake ni mzima na mtulivu mbele ya watoto, anayemwendea mtu kwa udadisi bila kujificha wala kuuma. Amzoeze mapema mbuzi na kuku kwa kumfunga kamba kila wanapopita, kwa sababu silika ya kuwinda haiondoki ila huweza kuelekezwa. Amtoe kupe kwa mkono kila jioni, hasa ndani ya masikio na baina ya vidole. Ugali autilie dagaa na asimwachie mbwa kujitafutia chakula majaani. Aidha, gari la chanjo likifika Niemba, au akipata nafasi ya kumpeleka mbwa Kalemie, amchanje dhidi ya kichaa cha mbwa anapofikisha miezi mitatu na kurudia kama daktari wa mifugo atakavyomwagiza. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mbwa wa nyumbani mwake, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo kuchomwa sindano, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mwanadamu, karibu hakuna apataye kupona. Na mbwa aliyemuuma, ikiwa anajulikana, asiuawe kwa hasira bali afungwe na kuangaliwa siku kumi, kwani akiwa mzima siku hizo zikipita, mate yake hayakuwa na ugonjwa huo siku alipouma.